Sura ya Sita: Nyumba kwa Korja

Fundi alikuwa juu ya paa na chaki mkononi. Chaki yenyewe aliiazima kwa mtoto wa shule, na kila alipong'oa misumari ya bati moja alilipindua, akaandika kwa ndani: KL 7, KL 8, KS 12. Kulia saba, kulia nane, kushoto kumi na mbili, ukiipa bahari mgongo. Kijana wake alipokea kwa chini na kuyapanga penye kivuli cha mwembe wa jirani. Kando yao mjukuu wa mwenye nyumba alikuwa amechutama mbele ya jiwe, akinyoosha misumari iliyopinda, mmoja baada ya mwingine, na kuitia kwenye kopo la maziwa ya watoto.

Hapo ni Timbwani, Likoni. Mwenye nyumba, mama mtu mzima aliyejifunga leso kiunoni, alisimama na daftari la mraba akihesabu mali yake ikishuka. Mabati thelathini na sita. Makombamoyo, mangapi yamesalimika na mangapi yameliwa na mchwa. Milango minne. Madirisha matano, moja halina bawaba. Kiwanja kilikuwa kimeuzwa na mwenye ardhi, na mama akapewa miezi mitatu ahame.

Nikamuuliza fundi kwa nini anahangaika na namba. Bati si ni bati?

"Tundu, kaka," akasema bila kuniangalia. "Kila bati lina tundu zake. Ukilirudisha pale pale, msumari waingia penye tundu na mti wake. Ukilichanganya, watoboa upya, na ile tundu ya zamani yabaki wazi yakungojea. Mvua ya Mei itakuonyesha."

Nilikwenda Likoni siku ile kwa shughuli nyingine kabisa. Lakini wakati huo nilikuwa nikisoma habari za nyumba za Marekani zilizouzwa kwa posta, na kumkuta mtu juu ya paa akiandika namba kwenye vipande vya nyumba kulinikalisha chini ya mwembe ule mpaka adhuhuri.

*

Mwaka 1906, katika mji wa Bay City, jimbo la Michigan, ndugu wawili wa ukoo wa Sovereign walianza kuuza nyumba kama watu wauzavyo mashua ndogo: vipande vimekatwa, vimetiwa alama na kufungwa, pamoja na karatasi ya kukuonyesha kipi kianze na kipi kifuate. Kampuni yao waliiita Aladdin. Jina hilo pwani yetu halihitaji mkalimani, maana hadithi ya jini aliyejenga kasri kwa usiku mmoja iliingia majumbani mwetu zamani pamoja na Alfu Lela U Lela. Ndugu hao walijigamba pia kwa ubora wa mbao zao: mnunuzi akikuta fundo kwenye ubao wa nje, watamlipa dola moja kwa kila fundo. Seremala yeyote wa Kongowea akisikia ahadi hiyo atacheka kwanza, kisha atauliza anwani.

Miaka miwili baadaye likaingia duka kubwa la Sears, Roebuck la Chicago, ambalo tayari lilikuwa likiuza kwa posta kila kitu, kuanzia sindano hadi mawe ya makaburi. Katalogi yao ya kwanza ya nyumba, ya mwaka 1908, ilikuwa na michoro 44. Nyumba ya bei nafuu ilianzia dola 360, na ya bei ghali ilikaribia dola 2,900. Mtu alijaza fomu, akatuma pesa, na baada ya muda behewa la treni likasimama kwenye stesheni ya kijijini kwake. Ndani yake mlikuwa na nyumba iliyolala: vipande 30,000 kwa hesabu ya kampuni yenyewe, misumari karibu kilo 340, rangi na vanishi zaidi ya lita 100. Kampuni ilisema mtu mwenye akili za kawaida angeweza kuisimamisha kwa siku tisini. Sina hakika akili za kawaida zao zilipimwaje. Hata hivyo nyumba zilisimama, na hadi biashara ilipofungwa mwaka 1940 Sears walikuwa wameuza takriban nyumba 70,000 hadi 75,000.

Aladdin walivusha zao bahari. Mwaka 1917, vita vikiendelea, kiwanda cha magari cha Austin kilichoko Longbridge, karibu na Birmingham, kiliagiza nyumba 200 kutoka Bay City kwa ajili ya wafanyakazi wake. Mbao za Michigan zikaenda kuwa mtaa wa Uingereza, na nyumba zile zinakaliwa hadi leo.

Katika mambo yote ya fomu zile, moja halikuelezwa kwa kirefu kwa sababu kila msomaji alilijua. Ili uagize nyumba, uwe na mahali pa kuiweka. Mmarekani yule alikuwa na kiwanja chake, na hati kabatini. Sears, walipoanza kukopesha mwaka 1911, walikopesha wakikitazama kiwanja hicho kama rehani. Ulipofika mdororo wa miaka ya 1930, wengi wakashindwa kulipa, na mwaka 1934 kampuni ikalazimika kumaliza hesabu ya mikopo ya zaidi ya dola milioni 11. Ardhi ndiyo ilikuwa chini ya kila kitu, kwa maana zote mbili. Nyumba ndiyo ilikuwa taabu, na taabu hiyo ikapatiwa dawa kwa posta.

Upande wa bara wa Mombasa mambo yalikuwa kinyume. Nyumba haikuwa taabu kubwa.

*

Kwanza tusidhani vitu vya namba ni vigeni hapa. Miaka kadhaa kabla Sears hawajauza nyumba yao ya kwanza, chuma cha Kimarekani kilikuwa kimeshapita Changamwe.

Reli ya Uganda ilianza kulazwa Mombasa mwaka 1896, na kazi kubwa ya kwanza ilikuwa kuvuka maji ya Makupa. Daraja la muda la miti, la karibu nusu kilomita, likaunganisha kisiwa na Changamwe, na tangu hapo kila kitu kilichokwenda bara kilipita mlangoni mwa watu wa Changamwe. Reli ilipofika milima ya Mau, wahandisi walihitaji madaraja marefu ya chuma kwa haraka. Viwanda vya Uingereza vilishindwa kwa bei na kwa muda, na kazi ikaenda Marekani, jambo lililowakera Waingereza wengi. Kampuni ya American Bridge ilitengeneza madaraja 27, ikayaleta kwa meli yakiwa vipande vilivyokwisha kutobolewa tundu za ribiti, pamoja na watu wake wa kuyasimamisha. Tundu tena. Kipande kikishatobolewa Marekani, kinakaa mahali pake tu huko Mau, kwingine hakikai.

Meli za ziwani nazo zilikuja hivyo hivyo. William Mackinnon iliundwa Paisley, Scotland, ikafunguliwa, ikashushwa Mombasa vipande vipande, na mwaka 1900 ndipo ilipoteremshwa kwenye maji ya ziwa huko Kisumu, baada ya miaka ya vipande kutangulia na vingine kuchelewa. Wajerumani nao mwaka 1913 waliifunga meli yao Götzen ndani ya makreti 5,000 kutoka Papenburg hadi Dar es Salaam, kisha Kigoma. Ndiyo hiyo MV Liemba.

Wafanyakazi wa reli waliishi kwenye nyumba za mbao na mabati zilizoinuliwa kwenye nguzo fupi, zenye mchoro mmoja kila stesheni. Nairobi yenyewe ilianza hivyo, mji wa mabati. Basi kibarua wa Changamwe wa mwaka 1900 alishajua kwamba daraja husafiri, meli husafiri, na nyumba ya mzungu husafiri. Naye asingeshangaa sana, kwa sababu watu wa pwani walikuwa wakisafirisha nyumba kwa majahazi tangu enzi za mababu zao.

*

Hapa ndipo penye utamu wa hadithi hii, na ndipo lilipotoka jina la sura.

Korja ni ishirini. Neno limetoka ng'ambo ya bahari, na ukienda leo kwa muuza miti wa makamo, bado atakuhesabia kwa korja. Miti ya mikoko haiuzwi kwa urefu wala kwa uzito, huuzwa kwa jina, na jina ni unene. Iliyo myembamba kabisa ni fito, ya kufumia ukuta. Ikinenepa kidogo ni pau. Ikifika unene wa mkono wa mwanamume aliyeshiba ni boriti. Inayofuata ni nguzo, kisha vigingi, kisha banaa, ambayo mtu mmoja habebi. Hayo si maneno ya msitu. Mkoko ungali umesimama kwenye tope la Mwache au Jomvu ni mti tu. Ukikatwa na kupata jina, umeshakuwa sehemu ya nyumba: unajua utakaa wapi, juu au chini, ukutani au darini. Katalogi ya Sears ilikuwa na kurasa. Ya kwetu ilikuwa maneno sita, na kila mtu aliijua kwa moyo.

Majahazi ya Ghuba yaliteremka na kaskazi, yakileta tende, mazulia, chumvi na papa mkavu, na yaliporudi na kusi yalikuwa yamesheheni boriti za Lamu na za delta ya Rufiji. Mwaka 1939, Mwaustralia Alan Villiers alifuatana na nakhodha wa Kuwait, Ali bin Nasr al-Nejdi, hadi Rufiji, akawatazama mabaharia wakiingia topeni kupakia miti kwa ajili ya mji wao. Kuwait, Bahrain, Basra, bandari za Omani: huko miti mirefu haiko, na nyumba inataka dari. Watu wa Kuwait waliziita boriti hizo chandal. Walizilaza kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake wakatandika mianzi, kisha jamvi, kisha udongo.

Boriti haikuweza kuzidi urefu wa mkoko wenyewe, na nyingi zilifaa kuvuka nafasi ya mita tatu hivi. Ndiyo maana vyumba vya zamani vya Ghuba ni virefu na vyembamba, iwe ni nyumba ya mchuuzi au ya tajiri wa lulu. Tajiri angeweza kuongeza vyumba, kuongeza urefu, kuongeza nakshi. Kuongeza upana hakuweza. Upana wa chumba chake uliamuliwa na mti uliokatwa Lamu na mtu ambaye hakuwahi kumwona.

Nadhani hakuna kampuni ya posta iliyowahi kuamuru umbo la nyumba za watu kwa kiasi hicho, wala kwa ukimya hivyo. Baadaye ikaja pesa ya mafuta, ikaja saruji na nondo, na mwaka 1982 Kenya ikapiga marufuku kusafirisha boriti nje. Mikoko ikapata kupumua, ingawa mashoka hayakulala yote. Soko la ng'ambo likafungwa, lakini lugha ya korja ikabaki kwetu, vichochoroni mwa Kisauni na Likoni.

*

Nyumba ya Kiswahili ya upande wa bara haina siri. Mbele baraza, katikati ukumbi uliopenya hadi uani, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto. Nyuma jiko, choo na kisima kwa aliyejaliwa. Mwenye nyumba akikaa vyumba viwili, vinne anapangisha. Ukuta ni nguzo zilizochimbiwa, fito zilizofungwa kwa kamba, udongo uliokandikwa, na chokaa juu yake. Paa lilikuwa makuti yaliyoshonwa, likaja kuwa madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa, kisha mabati. Ukimwambia fundi "vyumba sita", hakuulizi mchoro. Anakuandikia korja ngapi za fito, ngapi za pau, na kamba kiasi gani. Umeshaagiza.

Kwa nini nyumba ikae hivyo, nyepesi, yenye kufunguka, mtaa baada ya mtaa, katika mji wenye mawe ya matumbawe kila mahali na kiwanda cha saruji? Kampuni ya Bamburi ilianzishwa mwaka 1951, na mwaka 1954 ikaanza kutoa saruji hapo hapo upande wa Kisauni. Moshi wa saruji watu waliuona. Saruji yenyewe walikatazwa kuitumia, na aliyekataza alikuwa mwenye ardhi.

Mwaka 1895 Sultani wa Zanzibar aliwaachia Waingereza waongoze ukanda wa pwani wa maili kumi, nao wakaahidi kuheshimu mali za raia wake. Mwaka 1908 ikaja sheria ya hati: kila mwenye kudai ardhi alete madai yake yapimwe na yaandikwe. Waliokuwa na makaratasi, mashahidi na mawakili waliandikiwa. Mashamba makubwa ya Likoni, Kisauni na Changamwe yakapata wenyewe kwa maandishi. Wamijikenda waliokuwa wakilima bila kuandika, na watoto wa watumwa walioachwa huru, wengi hawakuandikiwa kitu. Isiyodaiwa ikawa ya serikali. Wengi walijikuta wameamka pale pale walipolala, ila sasa ni wapangaji wa udongo.

Sheria ya Kiingereza inashikilia kwamba kilichoota au kujengwa juu ya ardhi ni cha mwenye ardhi. Pwani haikuwahi kufikiri hivyo. Hapa mnazi unaweza kuwa wangu na mchanga unaouota ukawa wako, na tukaishi vizuri, nazi nikiangua mimi na heshima ukipata wewe. Mila hiyo ikaingia mjini na kupata jina lake: nyumba bila ardhi. Unamwendea mwenye kiwanja, au mtu wake wa kukusanya, unaonyeshwa mahali, unalipa kodi ya kiwanja kwa mwezi au kwa mwaka, unapewa stakabadhi. Nyumba unajenga kwa pesa yako nayo ni yako: waiuza, wairithisha, wapangisha vyumba vyake. Ardhi ni ya wenyewe. Hata baraza la mji lilikubali, likachora mistari ya vichochoro na viwanja katika mashamba hayo ili watu wajenge kwa mpangilio.

Sharti lilikuwa moja: jengo lisiwe la kudumu. Mwenye ardhi hakulichukia jiwe kwa uzito wake. Jiwe ni hoja. Mtu akijenga kwa jiwe miaka ishirini, siku ya kumtoa utasimama mbele ya hakimu. Akijenga kwa fito, utasimama mbele ya fundi na chaki yake. Ndiyo maana Kiswahili cha huku kina neno ezua likiwa kazi kamili, yenye fundi wake na ujira wake. Ezeka ni kuvika nyumba paa, ezua ni kulivua bila kuliharibu. Kubomoa ni neno jingine kabisa, na asiyejua tofauti hiyo asikae juu ya nyumba ya mtu.

Hila hazikukosekana. Nimeona nyumba za udongo zilizopigwa plasta ya saruji na kuchorwa mistari mpaka ukadhani ni matofali. Nimeingia Kwa Bulo katika nyumba ambayo nje ni udongo na ndani ni ukuta wa mawe, uliopandishwa polepole, chumba kwa chumba, mlango umefungwa. Mzee wa nyumba aliugonga ule ukuta mbele yangu kwa kifundo cha kidole, mara tatu, akatabasamu, asiseme kitu.

Kwa hiyo wateja wa Sears na watu wa Likoni wanatazamana kama mtu na kioo, kulia kumekuwa kushoto. Yule alikuwa na ardhi, akatafuta nyumba ya kuletewa. Huyu alikuwa na nyumba, tena anaijua kipande kwa kipande na anaweza kuifunga na kuihamisha, akatafuta pa kuiweka. Ndiyo sababu siamini kwamba taabu ya makazi huku ingeisha kwa kuleta nyumba za bei nafuu, kama tunavyoahidiwa kila msimu wa kura. Nyumba ya bei nafuu watu walishaivumbua.

*

Waliojaribu kuligeuza jambo hili upande wa ardhi walikuwa wachache. Mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Chaani na Mikindani ziliwekwa kwenye mpango ambao dawa yake ilikuwa kiwanja chenye huduma: barabara, maji, choo na bafu. Nyumba ujenge mwenyewe kadiri ya mfuko wako. Nani alivipata viwanja hivyo, na nani aliviuza, ni hadithi ndefu. Ila ukipita Mikindani leo ukaona maghorofa ya mawe yamebanana, utajua mtu aliyehakikishiwa udongo hufanya nini. Januari 2016, hati zilipogawiwa kwa wakazi wa shamba la Waitiki huko Likoni, ekari 930 zilizokuwa na mgogoro tangu machafuko ya 1997, hazikupita siku nyingi malori ya mawe yakaanza kuonekana njia ile. Hakuna aliyewafundisha.

Zanzibar walikwenda njia nyingine. Huko mapinduzi yalishaifanya ardhi kuwa ya serikali, na Wajerumani wa Mashariki wakasaidia kujenga kwa vipande vya zege vilivyomiminwa kiwandani na kupachikwa kwa krini. Michenzani ikasimama, maghorofa marefu kama meli zilizopanda nchi kavu. Ni nyumba ya vipande, naam, lakini hakuna atakayeiezua.

*

Siku hizi katalogi imo kwenye simu. Kijana wa Magongo atakuonyesha nyumba ya chuma ya kukunjua kutoka China, bei na picha, na muuzaji anajibu ujumbe saa nane za usiku. Kambi za wajenzi wa reli mpya, iliyofunguliwa Mei 2017 na stesheni yake kuu Miritini, zilikuwa za mbao za kupachika zenye sifongo katikati, na kazi ilipokwisha zilifunguliwa.

Lakini nyumba ya namba iliyoota kwelikweli huku ni kontena. Tazama kuanzia Kibarani, pita Changamwe, shika njia ya Port Reitz: kinyozi ndani ya kontena, duka la dawa, ofisi ya wakala wa forodha, na ukichungulia nyuma, kitanda na pazia. Kontena la futi ishirini lina urefu wa mita sita na upana usiofika mita mbili na nusu. Chumba kirefu, chembamba. Tajiri wa lulu wa Kuwait angekitambua mara moja. Tofauti ni kwamba upana wa chumba hiki hauamuliwi na mkoko tena, unaamuliwa na sitaha ya meli na kitanda cha lori.

Joto lake saa saba mchana silielezi, ingia mwenyewe. Wanaokaa humo hukata madirisha kwa mashine, hupigilia mbao kwa ndani, huezeka makuti juu ya bati ili jua lipate pa kuishia. Nilimuuliza mmoja wao, muuza vipuri, kwa nini asijenge. Akanijibu kwamba mwenye kiwanja amekubali kontena na amekataa hata tofali moja. Kontena halina mizizi. Siku wakikosana, anaita krini.

*

Mama wa Timbwani alipata kiwanja Shika Adabu, si mbali, kwa kodi ya juu kidogo. Kenta ilifanya safari tatu: ya kwanza mabati na milango, ya pili miti, ya tatu vyombo, kuku na mjukuu na kopo lake la misumari. Udongo waliuacha, udongo uko kila mahali. Nilifika siku ya kuezeka. Kuta zilikuwa bado fito tupu, unaona ndani mpaka uani, na paa linakuja juu kwanza, kama ilivyo desturi, ili udongo ukikandikwa usinyeshewe.

"Kushoto kumi na mbili!" fundi aliita, na kijana akalitafuta, akalipandisha. Kazi ilikwenda haraka. Kabla ya adhuhuri mabati thelathini na sita yalikuwa mahali pake, kofia juu, na mama amemtuma mtoto mahamri.

Mwezi Mei nilipita tena. Kuta zilikuwa zimekandikwa, hazijapigwa chokaa bado. Ndani ya ukumbi, upande wa kushoto, palikuwa na beseni la bluu, na tone lilikuwa likidondoka katikati yake barabara. Fundi alikuwa ameshaitwa, akapanda, akapapasa kwa ndani kwa kurunzi, akashuka. Jasho la kijana siku ile lilifuta herufi moja. KL 12 ilikuwa imekaa pa KS 12, na KS 12 pa mwenziwe, mabati mawili yakitazamana na tundu zao za zamani.

Akataka ujira wa nusu siku kuyabadilisha. Mama akatazama juu, akatazama beseni, akamwambia asubiri kusi ipoe.